Sukari Guru, Samli na Unga: Historia ya Kitamutamu cha Kigujarati cha Nyumbani kutoka Pwani hadi Remera, Kigali

Ikisiri

Historia ya Wagujarati katika Afrika Mashariki imeandikwa zaidi kwa kutazama bandari, forodha, reli, maduka na viwanda. Makala hii inaitazama kutoka jikoni. Inafuatilia kitamutamu kimoja, sukhdi, kinachopikwa nyumbani kwa unga wa ngano, samli na sukari guru wakati wa sikukuu na shughuli za heri. Hoja yake kuu ni kwamba upishi huu ni ushahidi wa historia ya eneo zima, na kwamba waliouhifadhi, yaani wanawake na watumishi wa nyumbani, hawakuingia katika kumbukumbu zilizotumika kuandika historia hiyo. Remera, mtaa wa Kigali usiokuwa na asili ya soko la Kihindi, inaonyesha kwa uwazi jinsi nyumba inavyobeba kazi ambayo kwingineko imechukuliwa na duka. Makala inahitimisha kwa mapendekezo kuhusu urithi usioshikika, viwango vya sukari guru na nafasi ya Kiswahili katika kuhifadhi maarifa ya upishi.

Maneno muhimu: sukhdi, sukari guru, Wagujarati, urithi usioshikika, Remera, Kiswahili

1.0 Utangulizi

Methali ya Kiswahili isemayo "Baniani mbaya, kiatu chake dawa" inamfahamu Mhindi akiwa dukani. Inajua bidhaa zake na inajua chuki na haja vilivyomzunguka. Haijui anakula nini nyumbani kwake jioni ya sikukuu. Kwa kiasi kikubwa maandishi ya kihistoria yamefuata mkondo wa methali hiyo. Jairam Shivji anajulikana kwa kukodi forodha ya Zanzibar enzi za Seyyid Said. Allidina Visram, aliyetoka Kutch akiwa kijana, anajulikana kwa mtandao wa maduka ulioanzia pwani na kufika Uganda. Nanji Kalidas Mehta na Muljibhai Madhvani wanajulikana kwa viwanda vya sukari. Hawa wote ni wanaume, na kumbukumbu zao ni mikataba, leseni na hesabu.

Kitamutamu cha nyumbani hakina leseni wala risiti. Hata hivyo kina viambato, vyombo, majina na utaratibu, na kila kimoja kati ya hivyo kina njia kilimopita. Makala hii inatumia ushahidi wa aina tatu: historia ya biashara na makazi, historia ya maneno, na mchakato wenyewe wa upishi. Mchakato huo unachukuliwa kama hati: unasomwa ili kujua ulihitaji nini, ulivumilia nini na ulibadilika wapi.

2.0 Sukhdi na kanuni yake

Sukhdi, ambayo pia huitwa gol papdi, ni miongoni mwa vitamutamu sahili kabisa vya Gujarat. Viambato vyake vya msingi ni vitatu. Kipimo kinachotumika sana ni vikombe viwili vya unga wa ngano usiokobolewa, ambao Afrika Mashariki hujulikana kama unga wa atta, kikombe kimoja cha samli, na kikombe kimoja na nusu cha sukari guru iliyokunwa. Samli huyeyushwa katika karai, unga hutiwa na kukorogwa kwa mwiko bila kupumzika juu ya moto mdogo, mpaka ugeuke rangi ya dhahabu iliyoiva na kutoa harufu kama ya karanga zilizokaangwa. Karai huepuliwa. Unga ukishapoa kidogo ndipo sukari guru hutiwa, ikayeyuka kwa joto lililobaki. Mchanganyiko humiminwa kwenye sinia lililopakwa samli, husawazishwa kwa kitako cha bakuli, na kukatwa msharazari ungali moto.

Ugumu wote umo katika hatua ya kuepua. Sukari guru ikitiwa karai likiwa bado motoni, huiva kupita kiasi na sukhdi huwa ngumu kama jiwe. Ikichelewa, haiyeyuki na vipande humomonyoka. Kadiri ya hatua hiyo haielezwi kwa dakika. Mpishi huijua kwa pua na kwa uzito wa mwiko mkononi, na aliyefundishwa ni yule aliyesimama kando ya karai mara nyingi. Hapa ndipo maarifa haya yanapokuwa dhaifu kihistoria: yanarithiwa kwa kuwapo jikoni, si kwa kusoma.

Jambo la pili ni kwamba sukhdi haina maji. Kwa sababu hiyo hudumu kwa majuma bila kuharibika, nayo ni chakula cha safari tangu zamani. Hudumu vilevile katika kalenda ya dini: siku ya Shitala Satam, ambapo nyumba nyingi za Kihindu za Gujarat haziwashi moto na hula vilivyopikwa jana yake, vyakula visivyoharibika upesi ndivyo vinavyofaa. Katika hekalu la Kijaini la Mahudi, huko Gujarat, sukhdi hutolewa kwa heshima ya mlinzi wa hekalu na huliwa humo humo; mila hairuhusu itoke nje ya eneo la hekalu. Kitamutamu kilekile, basi, ni masurufu ya msafiri na ni kitu kisichoruhusiwa kusafiri. Afrika Mashariki imerithi upande wa kwanza.

Vitamutamu vingine vya sikukuu ni vigumu zaidi. Mohanthal, ambayo hupikwa sana wakati wa Diwali, hutumia unga wa dengu, samli, maziwa, hiliki na lozi, na hushikanishwa kwa shira iliyofikia kiwango cha "uzi mmoja", yaani tone likivutwa kati ya vidole viwili linatoa uzi usiokatika. Tofauti ya sukhdi na mohanthal itarejewa, kwa kuwa inahusu moja kwa moja mji ulio juu ya vilima kama Kigali.

3.0 Kaskazi, maduka na jiko lisilo na mke

Pepo za kaskazi ziliwaleta wafanyabiashara wa Kutch na Kathiawar katika pwani ya Waswahili karne nyingi kabla ya ukoloni, na kusi ikawarudisha. Katika karne ya 19, Zanzibar ilipokuwa kitovu cha biashara ya karafuu na pembe, idadi ya waliobaki iliongezeka. Lakini makundi yao hayakukaa kwa namna moja. Wakhoja na Wabohora, ambao ni Waislamu, walileta familia zao mapema. Wafanyabiashara wengi wa Kihindu, hususani Wabhatia, waliishi bila wake zao kwa sehemu kubwa ya karne hiyo, kwa kuwa mila zilihesabu kuvuka bahari kuwa kunatia unajisi, na vizuizi vilikuwa vikali zaidi kwa wanawake. Ni kuelekea mwisho wa karne ndipo wanawake wa Kihindu walipoanza kufika kwa idadi ya kutajika.

Ukweli huu una maana kwa historia ya chakula. Pale ambapo mke hakuwapo, "upishi wa nyumbani" ulikuwa kazi ya wanaume walioishi pamoja au ya mpishi wa kuajiriwa, na kitamutamu kilichodumu safarini kilikuwa na thamani kuliko kile cha kuliwa siku hiyo hiyo. Jiko la sikukuu, lenye mama, wakwe, binti na jirani, ni taasisi iliyokuja baadaye. Kwa hiyo si sahihi kulichukulia kama desturi iliyopakuliwa jahazini ikiwa kamili. Liliundwa upya katika ardhi hii baada ya familia kukaa.

Reli ilisogeza jiko hilo bara. Ujenzi wa Reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka 1896 na kufika Ziwa Viktoria mwaka 1901. Vibarua walioletwa kuijenga, wapatao 32,000, walitoka zaidi Punjab, na wengi wao walirudi kwao. Wenye maduka waliofuata njia ya reli walikuwa hasa Wagujarati waliokuja kwa gharama zao. Upande wa kusini, Reli ya Kati ilitoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914. Kigali yenyewe, iliyoasisiwa na Richard Kandt mwaka 1907 kama kituo cha utawala wa Kijerumani, ilipata wafanyabiashara wa Kihindi, Kiarabu na Kiswahili katika miaka yake ya mwanzo. Kiswahili cha biashara kilifika pamoja nao, na Biryogo na Nyamirambo zikawa makao yake mjini.

4.0 Miwa: kutoka sukari guru hadi sukari nyeupe

Kati ya viambato vitatu vya sukhdi, sukari guru ndiyo yenye historia ya kiuchumi iliyo pana zaidi. Hutengenezwa kwa kuchemsha maji ya miwa mpaka yagande, bila kutenganisha molasi. Haihitaji kiwanda kikubwa: kinu, sufuria pana na kuni vinatosha. Kwa sababu hiyo ilitangulia sukari nyeupe katika maeneo mengi ya miwa yanayozunguka Ziwa Viktoria.

Viwanda vikubwa vilifuata. Miwani, karibu na Kisumu, kilianza mwaka 1922; Lugazi, cha Mehta, mwaka 1924; Kakira, cha Madhvani, mwaka 1930. Waasisi wa hivyo viwili vya Uganda walitoka eneo la Porbandar, Gujarat. Hapa kuna kinaya ambacho historia ya viwanda haijakizingatia. Wanaume waliotoka katika nyumba zilizopika kwa sukari guru ndio walioifanya sukari nyeupe kuwa ya bei nafuu na ya kila siku, na kwa kufanya hivyo waliibadili mizani ya jikoni mwao wenyewe. Vitamutamu vya shira vilirahisika. Sukhdi, ambayo haikubali sukari nyeupe bila kupoteza ladha na ulaini wake, ilianza kutegemea bidhaa iliyokuwa ikisukumwa pembezoni.

Leo sukari guru ingali ikitengenezwa magharibi mwa Kenya na mashariki mwa Uganda, lakini sehemu yake kubwa huingia katika pombe kali kama chang'aa na waragi. Matokeo yake ni kwamba watunga sera huiona zaidi kama malighafi ya pombe haramu kuliko kama chakula. Ile inayofaa kwa kitamutamu, safi, isiyo na mchanga wala majivu, ni nadra kuliko inavyopaswa kuwa katika nchi zenye miwa tele.

Siasa nazo ziliyumbisha jiko. Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, kutaifishwa kwa majengo Tanzania mwaka 1971, na amri ya Idi Amin ya Agosti 1972 iliyowapa Waasia siku 90 kuondoka Uganda, vilitawanya maelfu ya familia. Walioishia Leicester na London walikwenda na msamiati wa pande mbili: Kigujarati chao bado kina mogo kwa muhogo, jugu kwa njugu, sufuria na kisu. Jamii inayodhaniwa kuwa ilijifungia ilikuwa imebadilika hadi ndani ya lugha yake ya jikoni. Familia ya Madhvani ilirudi Kakira mwaka 1985, na mwaka 1997 kundi lao likachukua kiwanda cha sukari cha Kabuye, nje kidogo ya katikati ya Kigali, kilipobinafsishwa. Sukari ya Rwanda na kitamutamu cha Kigujarati vina nasaba moja, ingawa anayenunua kilo dukani hana sababu ya kulijua hilo.

5.0 Maneno yaliyobaki karaini

Kwa mtafiti wa Kiswahili, jiko hili ni ghala la maneno. Karai limetoka katika lugha za India, na maana yake ya asili ni chombo cha kukaangia. Katika Kiswahili limepanuka hadi kuwa chombo cha kubebea zege, na katika Kinyarwanda limeingia kama ikarayi. Kinyarwanda kina iduka vilevile, na sambusa na chapati ni vyakula vya kawaida vya vibanda vya Kigali, vinavyouzwa na watu wasio na uhusiano wowote wa ukoo na India.

Neno guru katika sukari guru lastahili kuangaliwa kwa makini. Kigujarati sanifu husema gol, ilhali Kihindi husema gur. Umbo la Kiswahili linakaribiana na la pili. Hii inaashiria kwamba maneno ya biashara hayakuja yote kupitia Kigujarati sanifu, bali kupitia mchanganyiko wa lugha za bandarini, Kikachi kikiwa mojawapo. Ladu, kwa upande wake, iko karibu na umbo la Kigujarati, lakini kitu chenyewe kimebadilika: ladu ya pwani ina tangawizi na pilipili manga kwa namna ambayo ladu nyingi za Gujarat hazina. Samli ni neno lenye asili ya Kiarabu, na shira limo katika msamiati wa kila mpishi wa kaimati.

Mpishi wa Mombasa au Unguja, basi, anaweza kueleza upishi wa sukhdi mwanzo hadi mwisho kwa Kiswahili bila kuazima neno jipya isipokuwa jina la kitamutamu. Hoja hii si ya msamiati tu. Lugha ambayo tayari ina maneno yote ya kazi fulani ni lugha iliyokuwapo kazi hiyo ilipokuwa ikifanyika. Waliolazimika kuelewana kwa Kiswahili mbele ya karai walikuwa mama mwenye nyumba na mtumishi wake Mwafrika. Maneno haya ni kumbukumbu ya mazungumzo yao, pengine ndiyo kumbukumbu pekee iliyosalia.

6.0 Remera: nyumba bila soko la vitamutamu

Remera iko wilaya ya Gasabo, mashariki mwa Kigali, kati ya katikati ya mji na uwanja wa ndege wa Kanombe. Hujulikana kwa uwanja wa michezo wa Amahoro na kwa pilikapilika za Kisimenti na Giporoso. Tofauti na katikati ya mji, Remera haikuzaliwa kama mtaa wa maduka ya Kihindi. Ukuaji wake mkubwa ni wa miongo ya karibuni, hasa baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya 1994, Wanyarwanda waliokuwa uhamishoni Uganda, Tanzania, Burundi, Kongo na Kenya waliporejea, wengi wakiwa na Kiswahili na mazoea ya chai ya maziwa, chapati na sambusa.

Mombasa, Zanzibar, Dar es Salaam na Kampala zina maduka ya vitamutamu vya Kihindi. Mahali penye duka, familia inaweza kununua mohanthal na barfi usiku wa kuamkia Diwali, na ujuzi wa nyumbani ukapungua bila mtu kutambua kwamba umepungua. Katika mtaa kama Remera hali ni kinyume: kinachotakiwa sikukuuni chapaswa kupikwa. Umbali na soko, ambao kwa kawaida huhesabiwa kuwa upungufu, unakuwa sababu ya ujuzi kuendelea.

Viambato vinapatikana kwa kiwango tofauti. Ngano hulimwa katika nyanda za juu za kaskazini, na viwanda vya kusaga, kikiwamo cha Bakhresa kutoka Tanzania, vinafanya kazi nchini. Lakini unga mweupe ndio ulioenea, atta hutafutwa. Samli ina mizizi ya kwake hapa. Rwanda ni nchi ya ng'ombe, na siagi ilisukwa katika kibuyu kiitwacho igisabo karne nyingi kabla ya duka la kwanza la Mhindi. Mpango wa Girinka ulianza mwaka 2006 ili kila kaya maskini ipate ng'ombe. Julai 2018 Waziri Mkuu wa India, Narendra Modi, mzaliwa wa Gujarat, alitoa ng'ombe 200 kwa mpango huo huko Rweru. Mataifa mawili yaliyoheshimu maziwa kwa njia tofauti yalipata lugha ya pamoja katika ng'ombe. Sukari guru ndiyo kiambato kinachosumbua, kwa sababu zilizoelezwa katika sehemu ya nne.

Kimo cha mji nacho kina athari. Kigali iko takribani mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi za selsiasi. Shira ya mohanthal hufikia ukolezo wake kwenye joto la chini kuliko Porbandar au Mombasa, na anayetegemea kipimajoto na kitabu kilichoandikwa pwani ataipitisha. Anayepima kwa uzi kati ya vidole hatakosea, kwa kuwa uzi hupima ukolezo wenyewe. Sukhdi, isiyo na maji, haiguswi kabisa na kimo. Mbinu ya zamani ya nyumbani imeonekana kuwa sahihi zaidi kisayansi kuliko kipimo kilichohamishwa bila kuzingatia mahali. Huu ni mfano wa kile kinachopotea pale mafunzo ya mkono yanapokatika.

7.0 Athari za kisera

Kwanza ni suala la urithi. Rwanda ni mwanachama wa Mkataba wa UNESCO wa 2003 wa Kulinda Urithi wa Kitamaduni Usioshikika, na ngoma ya garba ya Gujarat iliingizwa katika orodha ya mkataba huo mwaka 2023. Nchi za Afrika Mashariki zimechukua njia tofauti kuhusu raia wenye asili ya Asia. Kenya iliwatambua mwaka 2017 kama kabila la 44. Njia hiyo haifai Rwanda, ambako sera ya taifa baada ya 1994 imeukataa mgawanyo wa raia kwa makabila. Njia inayoendana na hali ya Rwanda ni kuorodhesha ujuzi na si kundi la watu: upishi wa sukhdi uandikwe kama maarifa yanayopatikana Kigali, bila kuuliza aliye nayo ni wa asili gani. Njia hii ina faida ya kihistoria pia, kwa kuwa inamwingiza mtumishi wa nyumbani anayekijua kitamutamu hiki sawasawa na mwajiri wake. Makumbusho ya Kandt, yanayosimulia mwanzo wa Kigali, ni mahali panapofaa kuanzia, kwa maonyesho ya vyombo na maneno ya jikoni.

Pili ni sukari guru. Maadamu inashughulikiwa kama tatizo la pombe tu, hakuna atakayewekeza katika kuisafisha. Viwango vya pamoja vya Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa sukari guru ya chakula, vyenye vipimo vya usafi vinavyoweza kufikiwa na mwenye kinu kidogo, vingetenganisha bidhaa mbili ambazo leo zinabeba jina moja na kashfa moja.

Tatu ni lugha. Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu mwaka 2017, lakini matumizi yake katika kukusanya maarifa ya kaya bado ni finyu. Ukusanyaji wa upishi wa sikukuu kwa Kiswahili, ukifanywa kwa kurekodi sauti na mikono pamoja, ungehifadhi yale ambayo mapishi yaliyoandikwa hayawezi: lini karai liepuliwe.

8.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba kitamutamu chenye viambato vitatu kimebeba historia ya pepo, reli, miwa, uhamisho na lugha, na kwamba jiko la Kigujarati la Afrika Mashariki liliundwa hapa, na wanawake waliofika wakiwa wamechelewa na watumishi ambao majina yao hayakuandikwa. Rekodi za forodha zinaweza kungoja miaka mingine mia zikiwa salama katika makabati ya hifadhi. Ujuzi wa kutambua harufu ya unga ulioiva hauna kabati. Unaishi kadiri kuna mtu anayepika na mwingine anayesimama kando yake. Kwa sababu hiyo, ratiba ya utafiti inapaswa kuanza na kile kinachoweza kupotea kwanza.